Mwezi Hasi Nne

Siku ya kwanza ya kozi ya kompyuta, katika chumba cha juu cha jengo moja la Kariakoo lililonuka rangi mpya, mwalimu alituambia tuiulize mashine saba gawanya kwa mbili. Nilikuwa nimekuja kutoka delta ya Rufiji, mpunga wa nyumbani umeuzwa ili nikae kwenye kile kiti, na sasa naulizwa swali la darasa la tatu. Nikabonyeza vitufe kwa kiburi. Mashine ikajibu tatu.

Nikainua mkono nikasema imekosea. Darasa zima likanigeukia.

"Haijakosea, dada," mwalimu alisema. "Umeiambia igawe vitu vizima. Sasa iulize imebakisha nini."

Nikaiuliza. Ikasema moja. Wenzangu walikwisha kuhamia zoezi lingine, mimi bado naitazama ile moja. Lugha ya kompyuta tuliyofundishwa iliitwa Pascal, na ilikuwa na amri mbili, DIV ya kutoa mgawo na MOD ya kutoa baki, kila moja na kazi yake. Kwetu Maparoni wavuvi wawili wakipata samaki saba, hakuna anayemkata wa saba katikati. Tatu kwako, tatu kwangu, na anayebaki hupewa mjane aliyesimama pwani na kapu lake, au mwenye mtumbwi. Huyo samaki hatupwi wala hafanywi kuwa nusu mbili. Shule yote niliyosoma ilinifundisha kwamba jibu ni tatu na nusu, na leo mashine kutoka ughaibuni ilikuwa inagawa kama watu wa pwani yetu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria imefunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa kila gulio, redio za betri zinaimba mpaka kwenye vibanda vya kulindia mashamba dhidi ya nguruwe, na wanunuzi binafsi wa kamba walikuwa wameingia delta na barafu yao. Mmoja wao alifungua ofisi Kibiti, kando ya barabara kuu, vyumba viwili na jenereta nyuma. Alikuwa na kompyuta na hakuwa na mtu wa kuiwasha. Mimi nilikuwa na cheti na disketi ya Pascal. Tukaelewana upesi.

Shida ya ofisi ile haikuwa kamba. Kamba walikuwepo. Shida ilikuwa maji. Boti ya barafu ikifika Salale, kule delta, maji yamepwa, inakwama kwenye tope, na barafu inayeyuka huku wavuvi wanaitazama. Mwenye ofisi alikuwa mtu wa bara, hajui kupwa wala kujaa, akadhani ni uvivu wa mabaharia. Nahodha wa boti akamjibu kwamba maji hayapokei amri kutoka ofisini. Nikaona hapa pana kazi yangu.

Kwetu kila mtu anajua kwamba maji yanamfuata mwezi. Ukijua leo mwezi wa ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame, umejua bamvua, yale maji makubwa, ni lini, maji mafu, yale madogo, ni lini, na maji yatajaa saa ngapi. Mwezi mosi, mwezi pili, tatu, hivyo hivyo mpaka unakufa na mwingine unaandama. Nikaandika programu ya kuhesabu. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku ishirini na tisa na nusu na ushei, na huo ushei ndio unaosumbua. Nikaukwepa kwa kuhesabu dakika: mwezi mmoja ni dakika arobaini na mbili elfu mia tano ishirini na nne, namba nzima isiyo na nukta. Sifuri yangu, yaani mwanzo wa kuhesabu, nikaiweka jioni ya mwandamo wa Idi iliyokuwa imepita, kwa sababu mwezi ule mji mzima wa Kibiti uliuona na hakuna aliyebishana, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Kazi yenyewe ilikuwa ya DIV na MOD. Unataja siku, programu inahesabu dakika tangu ile Idi, inazigawa kwa dakika za mwezi mmoja. Mgawo ni miezi iliyokwisha, na huo sikuuhitaji. Nilihitaji baki. Baki ukiigeuza kuwa siku, ukaongeza moja kwa sababu sisi huanza kuhesabu na mosi, umepata mwezi wa ngapi.

Nahodha alinitania wiki ya kwanza. "Haya, bibi wa umeme, maji ya Jumamosi yanasemaje?" Nikamwambia. Jumamosi akaenda, akakuta maji mahali nilipoyasema. Wiki iliyofuata aliuliza bila kutania. Nilitembea Kibiti shingo imenyooka, na mtu akinisalimu naitikia kama nimeolewa na bahari.

Mama alikuja kunitembelea wakati huo, na mchele wa delta na kamba wakavu kwenye kikapu, kunusa tu unarudi nyumbani. Nikampeleka ofisini kumwonesha kazi yangu. Alivua viatu mlangoni nikamwambia avae, akakataa. Nikamweleza kwamba kompyuta inajua mwezi, mwezi wa mwakani na wa mwaka ule mwingine. Akasogeza macho karibu na kioo.

"Na kurudi nyuma inaweza?"

"Nyuma wapi, mama?"

"Nyuma. Mwaka niliokuzaa. Kesho yake ya Sabasaba."

Niliijua siku hiyo ingawa sikuwa nimezaliwa.

Kabla yangu mama alikuwa na mtoto wa kiume aliyekuwa ndio kwanza anajifunza kutembea. Mwaka ule, baba na ndugu zake walikwenda Salale kwenye sherehe za Sabasaba wakalala huko. Mama alibaki Maparoni, ana mimba yangu, na usiku homa ikampanda mtoto. Jua lilipochomoza alimbeba mpaka kwenye gati ya magogo, apate mtumbwi wa jirani kwenda zahanati ya ng'ambo. Anasema alikuta kijito tope tupu, mtumbwi umelala ubavu. Akakaa kwenye magogo na mtoto mapajani kusubiri maji yarudi. Mtoto hakuyasubiri. Ilipopita adhuhuri kundi la baba liliingia kwa makasia kwenye kijito hicho hicho, maji yakigusa matawi ya mikoko, na shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyeshuka kwanza. Akaona. Akauliza: "Maji yote haya, wewe umekaa tu?"

Shangazi si mtu mbaya. Alikuwa amefiwa, na maji aliyaona kwa macho yake. Lakini swali lile halikuondoka nyumbani kwetu. Mwanzoni mama alijibu kwamba asubuhi palikuwa na tope. Watu wakamwambia kwa upole kwamba mtu aliyechanganyikiwa huona mengi, kwamba pengine alikaa kwenye magogo hata asitazame. Miaka ilivyopita mama akaanza kusema "labda". Labda maji yalikuwepo. Labda niliogopa. Nimekulia ndani ya hiyo labda, naijua kuliko sauti ya mvua kwenye makuti yetu.

Basi nikaandika tarehe. Ndani nilikuwa nimejaa furaha ya kijinga. Nilidhani Mungu amenipeleka Kariakoo kwa ajili ya siku hii. Kioo kikaandika baki kwa siku, kabla ya ile moja ya kuanzia, na mbele yake kuna kistari. Hasi. Baki ilikuwa hasi nne.

Sikuwahi kukiona kile kistari, kwa kuwa hakuna mvuvi anayeuliza maji ya jana. Siku zote nilizouliza zilikuwa baada ya Idi yangu. Nikafikiri kidogo, kidogo mno. Pwani hakuna mtu aliyewahi kusema leo mwezi hasi nne. Nikaona ni kistari cha kuonesha tu kwamba tumerudi nyuma, nikaiambia programu ikifute. Nne, na moja ya kuanzia, tano.

"Mwezi tano, mama."

Mama hakuhitaji jedwali la maji kujua maana yake. Mwezi tano, jua likichomoza, maji yanajaa, na mtumbwi unapita Maparoni bila hata kugusa chini. Alilijua hilo kabla sijalitamka, na mimi niliona uso wake ukilijua.

"Basi," alisema.

Alijitanda kanga vizuri, akaniuliza soko la Kibiti liko upande gani, akatoka. Viatu akavibeba mkononi.

Nimekasirika mara nyingi maishani, nina hasira za karibu, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Niliichukia ile mashine na kijumba chake cha plastiki. Nikasema, haya, kama wewe unajua sana, tutasutana. Nikatafuta siku ya nyuma ambayo mimi mwenyewe ninaijua, ambayo hakuna wa kunibabaisha. Nikaandika ishirini na saba ya Ramadhani, siku tatu tu kabla ya ile Idi yangu. Usiku wake tulikesha msikitini, mchana wake nilisonga ugali wa futari na kuunguza mkono. Mashine ikafikiri, ikaniambia: mwezi nne.

Ishirini na saba ya Ramadhani, mwezi nne! Nilicheka peke yangu mle ofisini mpaka mlinzi akachungulia. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu nilianza kuelewa.

Nikauliza mgawo, ule ambao siku zote niliudharau. Ramadhani ile ni mwezi namba ngapi kutoka kwenye Idi? Sifuri. Na Mfungo Mosi, mwezi uliofuata Idi? Sifuri vilevile. Pascal ilikuwa imewaingiza wafungao na waliokwisha kufungua katika chumba kimoja, ikakiita sifuri. Miezi mingine yote ilikuwa na siku zake ishirini na tisa na ushei, ila huu mmoja wa katikati ulikuwa na urefu mara mbili, na hakuna aliyelalamika.

Ndani ya kompyuta ile ile kulikuwa na lugha nyingine, kongwe, iitwayo Basic. Kariakoo walitufundisha kuidharau, nami nikaidharau kwa bidii. Nikaifungua. Huko ukigawa saba kwa mbili kwa alama ya kawaida unapewa tatu na nusu, na ukitaka kitu kizima unaomba kwa neno INT. Nikaipa hesabu yangu ya Ramadhani hivyo. Mgawo ukaja hasi moja: mwezi mmoja kabla. Baki ikaja bila kistari, siku ishirini na sita na nusu. Acha ile nusu, ongeza moja ya kuanzia. Mwezi ishirini na saba.

Nikasimama. Nikakaa tena. Namba ni zile zile, mashine ni ile ile, umeme unatoka kwenye jenereta ile ile iliyokuwa inakohoa nyuma ya ukuta, na lugha mbili zimegawa kitu kimoja zikapata majibu mawili. Na hakuna iliyokosea. Nikazipa mtihani mdogo, hasi saba gawanya kwa mbili. Pascal ikasema hasi tatu, imebaki hasi moja. Basic, kwa njia ya INT, ikasema hasi nne, imebaki moja. Zidisha, jumlisha, zote mbili zinarudi kwenye hasi saba bila kasoro.

Fikiria ngazi ya kushukia mtoni, vipandio vingine viko juu ya maji na vingine vimezama. Umesimama katikati ya vipandio viwili na unatakiwa useme uko kipandio gani. Pascal inasogea upande wa usawa wa maji: ukiwa juu inashuka, ukiwa umezama inapanda. Basic ile na INT yake inashuka tu, popote ulipo. Juu ya maji huwezi kuzitofautisha hata kwa mwaka mzima. Lazima uzame ndipo uone kwamba moja inakigeuza kila kitu kama kivuli kwenye maji, na nyingine inaendelea kwenda njia yake kana kwamba hakuna chochote pale juu.

Nilikaa mbele ya kile kioo nikihisi nilivyohisi utotoni mara ya kwanza niliposimama mahali mto unapokutana na bahari, nisijue maji yanaelekea wapi. Tangu nisome nilidhani kugawanya ni jambo moja, limekwisha, halina mjadala, kama jua kutoka mashariki. Kumbe mahali fulani watu walikaa wakachagua. Wengine walitaka hasi iwe kivuli cha chanya. Wengine walitaka baki isiwe na deni kamwe. Baadaye nimekutana na lugha nyingi. C ya miaka ile iliacha jambo hili mikononi mwa mwenye kuunda mashine, ugawe utakavyo. Siku hizi karibu zote zinafuata njia ya Pascal, na Python inashuka chini kama INT ya Basic. Kila nikifungua lugha mpya, kabla ya salamu naipa hasi saba na mbili niijue tabia yake. Wenzangu kazini hunicheka, wanasema naipigia ramli.

Lakini siku ile sikuwa na haja na lugha zote. Nilikuwa na haja na kijito kimoja. Sifuri niliiweka mimi, kwa hiari yangu, kwenye Idi niliyoipenda. Maji ya Maparoni hayakuwahi kuambiwa. Yalijaa na kupwa kabla ya sifuri yangu na baada yake kwa mwendo ule ule, hayakugeuka nyuma yalipoifikia. Kwa hiyo siku ya mama ilistahili lugha isiyogeuka. Niliandika tarehe tena, polepole, nikikagua kila tarakimu. Miezi mingi hasi, na baki safi. Mwezi ishirini na sita.

Mwezi ishirini na sita maji hujaa usiku wa manane, na yakitoka yanatoka haraka. Jua likichomoza yanamalizikia, kijito kinabaki tope na kaa. Halafu yanarudi, na ikipita adhuhuri yamejaa tena mpaka kwenye matawi. Nililitazama jibu lile na nikalia, si kwa huzuni tu. Mama alisema kweli. Shangazi naye alisema kweli. Wote wawili waliyaona maji yale yale, na ilichukua lugha mbili za kigeni na kistari kimoja nilichokifuta ili mimi nijue.

Sikungoja jioni. Nilizima jenereta, nikamwambia mlinzi mwenye ofisi akija aseme nimekwenda kwa mama yangu. Nilimkuta kwenye chumba changu cha kupanga, amekaa kwenye mkeka mlangoni, anachambua mchele aliouleta mwenyewe, ambao haukuwa na hata jiwe moja. Viatu vilikuwa kando yake.

"Mama, nilikosea kuiuliza," nikasema. "Nimeiuliza tena."

"Niache, mwanangu. Imeshasema."

"Haikuwa mwezi tano. Ilikuwa mwezi ishirini na sita."

Vidole vyake vikasimama juu ya ungo. Nikamweleza kuhusu Idi na sifuri na kistari, nikajichanganya, nikaanza tena, nikamwambia kuhusu ngazi yenye vipandio vilivyozama. Sidhani kama alisikiliza. Alikuwa anahesabu kwa vifundo vya vidole, kama wanavyohesabu mwezi wanawake wa kwetu, kutoka ishirini na sita hadi kwenye maji ya asubuhi. Alipofika aliuweka ungo chini.

"Kwa hiyo lilikuwa tope."

"Lilikuwa tope, mama."

"Na mtumbwi usingepita."

"Usingepita."

"Hata kama ningetoka kabla jua halijachomoza?"

"Ungekwama katikati."

Magari ya Lindi yalipita barabarani na vumbi likaja mpaka kwenye mchele, hakulifunika. Nilitegemea aseme kitu kuhusu shangazi. Hakusema, wala sikusikia hata siku moja kwamba alikwenda kumwambia.

Kisha akalitaja jina la mtoto wake. Miaka yote niliyoishi naye alikuwa akisema "yule", au "mwenzio", na mimi sikuwahi kuuliza. Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mwanawe aje ale.